Vigae vya Yeriko na Vyungu vya Simbo

Kwaru, kwaru, kwaru.

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Hija Mzee Castory, ndugu zetu Waislamu mliotoka Ujiji kutuunga mkono, wazazi wangu na mahujaji wenzangu: shikamooni.

Sauti hiyo ni ya brashi. Mahujaji mnaikumbuka. Tulikuwa Yeriko, juani, tumelizunguka shimo, na mle ndani mtaalamu mmoja wa mambo ya kale anasugua shingo ya mtungi taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga. Tangu turudi sijaacha kuisikia. Ndiyo maana nilipoombwa kutoa shukrani kwa niaba ya mahujaji, kabla ya jiwe la msingi la Ukumbi wa Hija kuwekwa hapa Simbo, nilikubali upesi.

Nani atasahau heshima yetu siku ile? Mzee Castory alivua kofia akalia. Mama Marcelina alivua viatu, na kwa jinsi mchanga ulivyokuwa wa moto, machozi yake yalikuwa na sababu mbili. Mimi nilipoikanyaga kamba ya mpaka kwa bahati mbaya, kundi zima lilinikemea. Kisha, mlangoni mwa basi, Mwenyekiti wetu akanunua kigae cha chungu cha nyumba ya Rahabu, yule wa kwenye Biblia, kwa muuzaji aliyekuwa na gunia zima la vigae vya nyumba hiyohiyo. Inaonekana Rahabu alikuwa na vyungu vingi kuliko harusi ya Ujiji. Kigae hicho ndicho mnachokiona mezani ndani ya kioo, kikisubiri kuingia kwenye msingi ili ukumbi wetu uwe na mizizi mitakatifu.

Naupongeza pia uchimbaji wetu wenyewe. Wiki hii mafundi walipochimba mtaro wa msingi, walikuta vyungu vidogo vimepangwa midomo chini. Akaitwa bibi yangu Skolastika, aliyeitoa ardhi hii kwa kanisa. Alikaa ukingoni akawaeleza kwamba katika ukoo wetu, msichana anayejifunza kufinyanga hapeleki jikoni chungu chake cha kwanza. Hukirudisha kukizika pale udongo ulipotoka. Ndiyo maana alipoitoa ardhi aliomba ukumbi ujengwe upande wa barabarani, na akaahidiwa. Lakini katika shughuli za kutafuta viza, nani angekumbuka jambo dogo namna hiyo?

"Mama, hivi ni vigae tu," Mwenyekiti alimwambia. "Vikipondwa vitafaa kwa kifusi."

"Na kile ulichokibeba kwenye ndege?"

"Kile ni cha Biblia."

"Hiki ni cha mama yangu," Bibi akasema.

Mwenyekiti alicheka kwa upole wa kichungaji, akaagiza nyundo. Vilivunjwa viwili. Ndipo Fundi Meshack alipogundua ghafla kwamba saruji ilikuwa haijafika, na kazi ikasimama.

Je, tumlaumu Mwenyekiti? Hata kidogo. Yeriko tulifika kwa ndege, baada ya sala za novena na mafunzo ya semina. Simbo tunafika kwa bodaboda, na nani kati yetu amewahi kushuka kwenye bodaboda akavua viatu? Mimi mwenyewe nimesoma historia hadi chuo kikuu, na bado ilinibidi nivuke bahari ndipo nijifunze kusimama kimya kando ya shimo.

Mheshimiwa Diwani, usijisumbue kuinua mwiko wa saruji. Chini ya kitenge kile kizuri kilichotandikwa mahali pa jiwe hakuna mtaro. Leo asubuhi, kabla wapambaji hawajafika, mimi na Bibi na Fundi Meshack tumevirudisha vyungu, midomo chini, na vipande vya vile viwili pembeni yao, tukafukia. Mtaro mpya umeshapimwa upande wa barabarani, kama Bibi alivyoahidiwa, na kigae cha Rahabu kitapokelewa huko kwa heshima zote.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Tunapohamia barabarani, wageni wafuate mahujaji tafadhali. Pale vilipozikwa vyungu nimeshazungusha kamba, na wao wanajua kuipita bila kuikanyaga.