Pointi Niliyonyimwa

Benchi la Gundi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, chini ya kibaraza cha duka la vitambaa ambalo halifunguliwi kabla ya saa nne. Urefu wake ni mita moja na sentimita themanini. Najua kwa sababu kazi yangu ni kupima ardhi, na jicho halina likizo. Watu watatu hukaa kwa raha. Wanne hukaa kwa undugu. Gundi mwenyewe, fundi viatu, hukaa mwisho wa kulia karibu na sanduku lake la nyuzi na misumari. Katikati hukaa Refa, karani mstaafu aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa meza katika ukumbi wa mji kwa zaidi ya miaka ishirini. Kushoto ni Antena, fundi redio, anayenasa kila habari inayopita hewani na nyingine ambazo hazijapita. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye jiko lake liko hatua mbili kutoka hapo. Mimi huniita Shemeji. Mke wangu, bingwa wa taifa mara sita, alikuwa akileta raketi zake hapa zibandikwe raba, na Gundi akamfanya dada. Alifariki miezi minane iliyopita. Jina hawajalibadili.

Asubuhi ile nilikwenda na raketi yake ya mwisho. Raba nyekundu ilikuwa imebanduka pembeni, na Jumamosi watu wa chama cha mpira wa meza walikuwa waje kuichukua waiweke ukumbini ndani ya sanduku la kioo.

— Karibu, Shemeji, alisema Gundi. Antena, sogea.

— Nisogee wapi? Ubao umeisha.

— Kalia nusu. Wewe huna uzito, una maneno tu.

Antena akasogea. Mama Birika akanipa kikombe bila kuuliza. Gundi aliifuta mikono kwenye aproni kabla ya kuipokea raketi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa kiatu cha mtu yeyote. Akaigeuza, akaweka kidole gumba chake mahali ambapo mpini unakutana na ubao.

— Mnaona hiki kishimo? Ni cha gumba lake. Miaka na miaka. Kwenye kioo wataonyesha raba, ambayo nimebandika mimi. Hiki kishimo hakuna atakayekiona.

— Leta nikishike, alisema Antena.

— Kashike redio.

Refa alikuwa ameinamia kikombe chake. Aliongea bila kuinua kichwa.

— Watu watakaoangalia hicho kioo watadhani alikuwa mpigaji. Bingwa, si lazima apige? Yule alikuwa hapigi. Alikuwa anarudisha.

— Anarudisha tu? aliuliza Mama Birika. Hivyo ndivyo mtu anapata ubingwa?

— Mara sita, mama. Anasimama hatua tatu nyuma ya meza, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Mwenzake anapiga kama anaua nyoka. Yeye anaukata mpira kwa chini, polepole, unarudi mzito. Mwenzake anapiga tena. Unarudi. Mara ishirini, mara thelathini. Mwishowe mwenzake anauzika mwenyewe kwenye wavu kwa hasira. Fainali yake ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na miwili, na yule bingwa wa zamani alitoka analia. Aliniambia, "Refa, huyu binti hakunishinda. Amenichosha mpaka nikajishinda."

— Ndiyo wahenga wakasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni, alisema Antena.

— Hiyo ni ya kuonya watu, alisema Gundi. Siyo ya kusifia.

— Meza ina ukingo ama haina?

— Ina.

— Basi tulia.

Nilicheka kidogo. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, na Refa nadhani aliliona hilo, akaendelea.

— Na lile jambo lake la kumi bila. Mnalikumbuka?

— Nani asiyelikumbuka, alisema Gundi. Mweleze Mama Birika.

Refa akaeleza. Seti moja ni pointi kumi na moja. Mchezaji akifika kumi na mwenzake hana hata moja, kuna desturi ya kiungwana, isiyoandikwa katika sheria yoyote: anamwachia moja, ili asitoke na sifuri. Wengine hawaifuati. Mke wangu hakuwahi kuiacha. Alianzisha mpira moja kwa moja kwenye wavu, taratibu, kama anayeweka sahani mezani, kisha akautazama ukuta ili mwenzake asione haya.

— Mimi mwenyewe nimeandika kumi kwa moja zaidi ya mara arobaini, alisema Refa. Mpaka nikifika kumi bila, mkono ulikuwa unaandika ile moja kabla hajaitoa.

— Kutoa ni moyo, alisema Mama Birika.

— Si moyo, alisema Antena. Mimi nina habari kamili. Sifuri ni jicho. Ukimwachia mtu sifuri, umemwachia jicho, na jicho litakufuata nyumbani. Bibi yake alimkataza.

— Bibi yake ulimjulia wapi?

— Habari zipo. Halafu kuna jambo lingine. Nchi za nje kuna mashine zinahesabu pointi. Ikitokea sifuri, mashine inadhani mchezaji hayupo, inafuta mechi nzima. Yeye alikuwa analinda mechi zake.

— Ukumbi wetu ulikuwa na ubao na chaki, alisema Refa.

— Chaki inaonekana kutoka angani, mzee. Usiniulize zaidi.

Gundi aliweka gundi kwenye brashi ndogo, akainua ukingo wa raba nyekundu kwa ncha ya kisu.

— Mimi nawaambieni, ilikuwa ni viatu. Dada aliniambia kwa mdomo wake kwamba akiwa nyuma ya meza anaona miguu ya mwenzake. Anaona soli imeisha. Anajua huyu katoka mbali na atarudi kwa mguu. Anampa moja ya kurudi nayo nyumbani.

— Ina maana mwenye viatu vipya hapati?

— Viatu vipya vinabana. Huyo naye wa kuhurumiwa.

Ilikuwa ni hapo nilipolisema. Sikuwa nimepanga. Miaka kumi na tisa sikuwahi kumwambia mtu, na kwa miezi minane hii limekuwa jambo la kwanza ninaloamka nalo.

— Mimi hakunipa, nilisema.

Gundi aliinua brashi.

— Hakukupa nini, Shemeji?

— Pointi. Alinifunga kumi na moja bila.

Hakuna aliyecheka. Nikaona afadhali nieleze kwa mpangilio.

Tulikuwa na miezi miwili ya ndoa. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza yake ya mazoezi, ambayo mchana nilitandaza juu yake ramani zangu. Jumapili moja alinijia na raketi mpya, ya bei rahisi, akaniambia, "Hii yako. Njoo nikufundishe mume wangu uvivu wa kurudisha." Nikakunja ramani. Tulicheza. Nilikuwa mbovu, na nilijua kwamba ni mbovu, na hilo halikunisumbua. Lakini ile desturi niliijua. Nilikuwa nimekaa ukumbini mara nyingi nikimwona akiitimiza hata kwa wasichana waliomdharau. Tulipofika kumi bila nilisimama nikaungoja ule mpira wa kwenye wavu. Haukuja. Ulikuja mpira wa kweli, mzito, ukagusa kona, ukanipita.

— Nikaweka raketi chini, nikatoka, nilisema. Sikucheza naye tena. Wala sikumuuliza. Hata alipokuwa hospitali, nikikaa naye kutwa, nilikuwa nalo mdomoni. Nikaona ni jambo dogo kumuuliza mgonjwa.

Mama Birika alijimiminia kahawa mwenyewe, jambo ambalo hafanyi kazini.

— Shemeji, alisema Gundi, adabu ni ya wageni. Wewe hukuwa mgeni. Mkeo akupe pointi kama anayempa mpita njia maji?

— Nilijaribu kulifikiria hivyo, nilisema. Halikukaa.

— Labda alisahau, alisema Mama Birika.

— Hakuwa mtu wa kusahau. Alijua tarehe za chanjo za watoto wa majirani.

— Basi ni hivi, alisema Antena, na sauti yake ilikuwa imeshuka, kwa maana hata yeye alikuwa anatafuta kitu cha kunisaidia. Nyumba yoyote lazima ijulikane nani anashika usukani. Miezi miwili ya ndoa ndiyo wakati wake. Alikuwa anakuonyesha.

— Hilo ndilo nililodhani kwa miaka kumi na tisa, nilisema.

 Antena alichezea mpini wa kikombe, akasema kwa kunong'ona, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," kisha akaona ameharibu zaidi, akatazama barabara.

 Refa alikuwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Ndipo akatokea mama mmoja, akija kwa kuchechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kisigino kikining'inia. Alikuwa mgeni kwetu sote.

— Karibu, karibu! alisema Gundi, akifurahi kupata pa kukimbilia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisigino hicho dakika kumi. Ngoja tu gundi hii ishike.

Nikasimama nimpishe. Akakaa mahali pangu, mguu mtupu akauweka juu ya mguu wenye kiatu.

— Samahanini, alisema, nimewakatizeni. Nimesikia kuanzia pale kwenye kona, mnaongea kwa sauti. Ni huyu kaka aliyefungwa na mkewe?

— Ni mimi, nilisema. Mke wangu ni marehemu sasa.

— Pole sana, kaka. Mungu ampumzishe.

— Asante.

 Kisha yule mama akauliza, kama anavyouliza mtu ambaye anataka tu kuelewa hadithi aliyoikuta katikati:

— Na seti ya pili ilikuwaje?

Gundi alinitazama. Antena alimtazama Refa. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, na nakumbuka kwamba kilikuwa kimebakiwa na robo.

— Haikuwepo, nilisema.

— Kwani mpira wa meza ni seti moja?

 Refa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

— Shemeji, alisema. Baada ya ile ya kumi na moja. Yeye alifanya nini?

— Alijifuta uso kwa taulo.

— Halafu?

— Akazunguka meza, akaja upande wangu. Anatabasamu. Nikaona anakuja ama kunicheka ama kunibembeleza, na sikutaka hata moja. Ndipo nikatoka. Nilikwenda jikoni, nikachemsha maji ambayo sikuyahitaji. Niliporudi alikuwa bado amesimama palepale, mahali nilipokuwa nimesimama mimi, raketi mkono mmoja, mpira mkono mwingine. Nikamwambia nimechoka. Akasema haya. Akafungua wavu, na mimi nikatandaza ramani.

Refa aliliweka jambo lake polepole, kama alivyokuwa akitangaza matokeo ukumbini, bila kuinua sauti.

— Kila seti ikiisha, wachezaji wanabadilishana pande. Yeye anakuja kwako, wewe unakwenda kwake. Ndiyo sheria. Hata wakicheza nyumbani wanaifuata, mwili unakwenda wenyewe.

Nilikuwa nimekaa katika ule ukumbi kwa miaka mingi. Lazima niliwaona wakibadilishana pande mara mia, mia mbili. Ninapima ardhi, kazi yangu ni kujua mtu amesimama wapi na kwa nini. Lakini kila seti ilipoisha mimi nilikuwa nikimtazama usoni, nijue kama amechoka, na miguu ilikokwenda sikuiangalia.

— Mtu wa kuhurumiwa unampa moja ili aondoke, alisema Refa. Yeye hakuwa anataka uondoke. Alidhani mnaanza.

Mama wa kiatu aliinamisha kichwa.

— Nisamehe, kaka. Nimeuliza tu.

— Hujakosea, nilisema.

Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Lilitoa matone na machicha. Akalitikisa, akalirudisha kwenye jiko lililokwisha kupoa, na hakuna aliyemtania kama inavyokuwa siku zote kahawa ikiisha. Antena alivua kandambili yake ya kulia, akaisukuma kwa mguu mpaka mbele ya yule mama, asikanyage vumbi. Kisha akakaa na kandambili moja.

Gundi alikuwa ameifunga raketi kwa mpira wa baiskeli, ameuzungusha mara tatu ili raba ishike.

— Usiifungue mpaka kesho asubuhi, Shemeji. Jumamosi wakija itakuwa tayari kwa kioo.

— Kioo chenyewe kina ukubwa gani?

— Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mpima.

Niliipokea. Niliweka gumba langu kwenye kile kishimo, halikuenea. Gumba langu ni pana.

— Kesho nitakuletea nyingine, nilisema. Iko juu ya kabati.

— Nayo yake?

— Yangu.

— Ina ubovu gani?

— Haina ubovu. Imechezewa seti moja tu.