Rispah Nakhumicha Wekoye, Mama Aliyepanda Juu ya Paa (1958–2025)

Marehemu Rispah Nakhumicha Wekoye, ambaye karibu Saboti yote ilimwita Mama Nangila, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1958 katika kijiji cha Matulo, karibu na Webuye, Kaunti ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Wabwile na marehemu Mama Loyce. Ulikuwa msimu wa kupanda mahindi, na ndiyo sababu akapewa jina la Nakhumicha. Mama yake alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa shambani, na kwamba watu waliporudi kutoka kumpokea mtoto walikuta kuku wamemaliza mbegu zote. Rispah alipokuwa mkubwa alikuwa na jibu lake: "Si mngefungia kuku kwanza, halafu ndiyo mnizae."

Alisoma shule ya msingi hapo Matulo kuanzia mwaka wa 1965 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka wa 1971. Alipenda hesabu, na alipenda zaidi kazi ya mikono. Siku hizo wavulana walifundishwa useremala, nao wasichana walifundishwa kushona vitambaa vya meza. Rispah alishona chake haraka, akatoka, akaenda kusimama kwenye dirisha la karakana kutazama randa ikiteleza juu ya mbao. Mwalimu alimkuta hapo.

"Unatafuta nini, Nakhumicha?"

"Nasoma, mwalimu."

"Unasomea nje?"

"Ndani mmesema ni ya wavulana."

Alifaulu mtihani na kupata nafasi ya kidato cha kwanza, lakini aliombwa angoje mwaka mmoja. Mwaka ulipopita, mdogo wake Levi naye alifaulu, na karo ya watoto wawili haikuwezekana. Iliamuliwa Levi aende. Hakuna aliyeuliza kwa nini asiwe Rispah, kwa sababu wakati huo swali lenyewe halikuwapo. Mzee Levi, ambaye yuko pamoja nasi leo, anakumbuka kwamba dada yake ndiye aliyembebea sanduku hadi stesheni ya Webuye, akamwambia njiani, "Soma ya kwako, na usome kidogo na ya kwangu." Levi alirudi kila likizo na vitabu vyake, na Rispah alivisoma vyote kabla shule hazijafunguliwa tena.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa kanisani Matulo na Wekoye, kijana mpole aliyefanya kazi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye. Mungu aliwajalia watoto watatu: Nangila, Ian na Naliaka. Mwaka wa 1986 walihamia hapa Saboti, chini ya mlima, kulima mahindi na kufuga. Boma lao lilipakana na la ndugu mkubwa wa Wekoye, Mzee Hesbon, ambaye ndiye mkubwa wa familia yetu hadi leo. Yatakayosomwa kumhusu Mzee Hesbon yeye mwenyewe ameruhusu yasomwe, na amesema yasipunguzwe.

Mwezi wa Machi 1989 upepo wa mlimani uling'oa mabati ya upande mmoja wa nyumba. Wekoye alikuwa ameanguka na baiskeli na mguu wake ulikuwa kwenye plasta. Mafundi wote walikuwa na kazi nyingine, kwa kuwa upepo haukuchagua nyumba moja, na mawingu yalikuwa yameshajaa. Rispah aliazima ngazi kwa jirani, akavaa suruali ya mumewe, akafunga leso kiunoni, akapanda na nyundo.

Kwa mila yetu Wabukusu mwanamke hapandi juu ya paa. Anaweza kukanda udongo, kubeba maji na kusiriba ukuta mpaka upendeze, lakini akipanda juu inaaminika kwamba mumewe hatakawia kufa. Mume aliyetajwa katika mila hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti uani, mguu ameunyoosha, kopo la misumari liko mapajani na mkono mmoja umeshika ngazi. Mzee Hesbon alisikia nyundo akaja mbio.

"Mama Nangila, teremka. Unataka kuua ndugu yangu?"

"Nimebakisha bati moja tu, mzee."

"Wekoye, ambia mke wako ashuke."

"Akishuka nani atapigilia? Wewe?"

"Mimi niko na mgongo."

"Basi mwache amalize. Kama ni kufa, bana, acha nife nikiwa mkavu."

Mvua ilinyesha jioni hiyo, na ndani hapakudondoka hata tone. Mzee Hesbon alitaka kondoo achinjwe ili nyumba itakaswe. Wekoye alijibu kwamba kondoo atachinjwa Krismasi, na kwamba ataliwa. Ndipo Mzee Hesbon akatamka mbele ya watu kwamba hatakanyaga ndani ya nyumba ambayo paa lake limepigiliwa na mwanamke. Mzee Wekoye aliishi miaka thelathini baada ya siku hiyo. Alipofariki mwaka wa 2019, daktari alieleza mambo mengi lakini hakutaja paa.

Mwaka wa 1991 Rispah alijiunga na chuo cha ufundi karibu na Kitale kusomea ujenzi. Alikuwa na watoto watatu na alikuwa mwanamke pekee darasani. Kazi yake ya kwanza kubwa aliipata mwaka wa 1996 mjini Bungoma, kwa Mama Hasina, mfanyabiashara wa vitambaa aliyetaka duka lake karibu na msikiti liezekwe upya. Rispah alipofika asubuhi na mfuko wake, vijana wa mkono, wasaidizi wa fundi, walikuwa wameketi juu ya mbao.

"Mama, chai inakuja saa ngapi?" mmoja akamwuliza.

"Saa nne," akasema, huku akitoa nyundo. "Nani anapika leo, wewe ama huyu?"

Mama Hasina alicheka akiwa mlangoni. "Niliwaambia fundi anakuja. Nyinyi mlikuwa mnangojea ndevu."

Kutoka hapo kazi zilifuatana, Bungoma, Webuye, Kitale na zaidi hapa Saboti. Kwa muda mrefu wateja walipitia kwa mumewe, kana kwamba mikono ya Rispah ilikuwa mali ya mtu mwingine. Wekoye aliwasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hiyo ongea na Mama Nangila. Mimi ni wa kushika ngazi." Aliyasema hayo bila aibu, na wapo wanaume katika mkutano huu waliojifunza kwake jinsi ya kushika ngazi.

Mzee Hesbon hakuacha kuwapenda. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kuwasalimu, lakini alikaa nje, kando ya ghala la mahindi, na hata mvua ilipokuja alifungua mwavuli. Rispah mwenyewe alimtolea chai. Shida ya Mzee Hesbon ilikuwa kwamba shemeji yake aliendelea kufanya kazi. Aliezeka duka la kinyozi, akaezeka hoteli ya chai, akaezeka mahali pa kungojea kwenye zahanati. Kila mwaka Mzee Hesbon alibaki na mahali pachache pa kujikinga mvua. Akawa na mazoea ya kusimama mlangoni na kuuliza, "Hili paa ni la nani?" Bwana Kibiwott wa posho mill, kinu cha kusaga mahindi, amekiri kwamba alipotaka kufunga mapema alimjibu, "Ni la Mama Nangila," ingawa lilipigiliwa na kaka yake Kibiwott mwenyewe.

Tulicheka sana, na Rispah alicheka pamoja nasi. Lakini mwaka wa 2005, Nangila alipoposwa na Kipkosgei, jambo hili lilionekana kwa sura nyingine. Mazungumzo ya mahari hayawezi kufanyika bila mkubwa wa familia, naye mkubwa wa familia hakuingia ndani. Basi wageni, watu wazima na heshima zao, walipangiwa viti vya plastiki uani, na katikati ya mazungumzo mvua ikaanza kunyesha. Baba yake Kipkosgei alivumilia kidogo, kisha akamgeukia Wekoye.

"Sasa mzee, kwani hii nyumba iko na nini?"

"Iko na paa."

"Linavuja?"

"Halijawahi."

Mgeni alifuta maji usoni. "Basi mimi naona hapa tumekaa ndiyo panavuja."

Makubaliano yalipatikana upesi kuliko ilivyotarajiwa. Wageni walipoondoka Nangila alimkuta mama yake sebuleni, ambako alikuwa amepanga viti tangu asubuhi. Alikuwa anapangusa kiti ambacho hakuna aliyekikalia. "Nimejengea watu wote," akamwambia binti yake. "Hii yangu ndiyo mkubwa wa boma haoni kama nyumba. Nikienda kabla hajakaa hapa, nitakuwa nimeishi kwa nyumba ya nani?" Nangila alitaka kwenda kumkabili baba yake mkubwa. Mama akamkataza. "Ukimvuta kwa mkono ataingia mwili tu. Mimi nataka aingie mwenyewe."

Hakupenda hotuba kuhusu usawa wa wanaume na wanawake, ingawa alialikwa mara nyingi kuzitoa. Mara moja tu, katika mkutano wa kina mama Kitale, alikubali kusimama, na maneno yake yakawa mafupi: "Mwanamke akipanda ngazi na karai la simiti kichwani, hakuna mtu anashtuka. Akipanda na nyundo, ati dunia inaharibika. Karai ndilo zito, mimi nimebeba vyote viwili." Kisha akaketi. Alichofanya badala ya hotuba ni kufundisha. Aliwachukua wasichana waliokosa karo na wavulana waliokosa kazi, akawapa nyundo za uzito ule ule na malipo yale yale. Nyumbani pia hakuna aliyeosha vyombo kwa sababu ni msichana wala aliyeachwa kulala kwa sababu ni mvulana. Ian alijifunza kupika ugali kabla ya dada zake na hadi leo anawashinda.

Afya yake ilianza kuzorota mwaka wa 2023, alipogunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa mjini Kitale, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Kufikia Juni mwaka huu hakuweza tena kutoka nje, akawekewa kitanda sebuleni ili aone watu. Jumapili ya kwanza, Mzee Hesbon alikuja kama kawaida akaketi kando ya ghala. Nangila alitaka kumpelekea chai. Mama akamzuia.

"Mwambie leo chai haitoki."

Nangila alipeleka ujumbe. Mzee Hesbon aliinuka kutoka kando ya ghala. Kisha akavua kofia, akaegemeza fimbo yake ukutani, akaingia. Alisimama katikati ya sebule akiwa ameinua uso, akakagua paa lote kutoka upande huu hadi ule.

"Hii misumari ni ile ya themanini na tisa?"

"Ni ile ile, mzee."

"Na haijawahi kuvuja?"

"Si ungekuwa unajua, kama ungekuwa unaingia."

Mzee Hesbon alicheka mpaka akalazimika kuketi, na kiti kilichokuwa karibu kilikuwa cha sebuleni. Akanywa vikombe viwili. Alipomaliza alisema polepole, "Mama Nangila, mimi nilikuwa naogopea ndugu yangu. Halafu ndugu yangu akaishi, na mimi nikakosa njia ya kurudi." Rispah alimjibu, "Njia ni huo mlango, mzee. Haujawahi kufungwa." Kuanzia hapo alikuja kila siku, si Jumapili peke yake. Wawili hao walizungumza kuhusu mahindi, wajukuu, na jinsi Wekoye alivyokuwa akiimba vibaya kanisani.

Rispah alifariki Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake. Watoto wake wote watatu walikuwapo, na Mzee Hesbon alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mikutano yote ya kupanga mazishi haya imefanyika ndani ya nyumba hiyo kwa amri ya Mzee Hesbon. Watu walipolalamika kwamba sebule imejaa, aliwaambia wasogeleane.

Marehemu amewaacha watoto wake, kwa utaratibu wa kuzaliwa kama alivyoagiza mwenyewe bila kutenganisha wana na mabinti: Nangila, Ian na Naliaka, ambao aliwagawia shamba la Saboti kwa sehemu zilizo sawa. Amemwacha mkwe wake Kipkosgei, ndugu yake Levi, shemeji yake Mzee Hesbon, wajukuu saba, na mafundi aliowafundisha, wengi kuliko tunavyoweza kuwataja.

Watatu kati ya mafundi hao, wote wasichana, walianza mwezi uliopita kuezeka upya nyumba ya Mzee Hesbon, baada ya yeye mwenyewe kwenda kitandani kwa marehemu kuomba apewe watu wazuri. Kazi imesimama kwa ajili ya msiba huu. Itaendelea Jumatatu asubuhi, na Mzee Hesbon amesema ngazi ataishika yeye.

Mungu akupe pumziko la amani, Mama Nangila.