Kengele ya Dume la Ngatia

Stima ilikuwa imepotea Kiganjo tangu asubuhi, na kwenye benchi la kibanda cha kahawa cha Wakiuru watu waligawana kahawa ya mwisho iliyobaki kwa chupa. Redio ilikuwa kimya. Ng'ambo ya barabara, kwa kibanda cha jua kali cha Wangui, fundi wa vyuma, mashine zilikuwa zimelala zikingoja umeme. Ngatia, babake huyo Wangui, alikaa pembeni akimtazama Kinuthia kwa jicho la husuda, kama kawaida yake. Kinuthia walimwita Nambari Wani, kwa sababu dume lake la ng'ombe lilichukua zawadi kwenye sho ya kilimo ya Nyeri, la Ngatia likarudi nyumbani na vumbi tu. Mwaka mzima jambo hilo lilikuwa limemkaa Ngatia kooni.

— Nambari Wani, dume yako ilishinda sababu ya kengele. Hata wewe unajua, Ngatia akasema.

— Ilishinda sababu ya mwili, Kinuthia akajibu.

— Mwili hata yangu iko nayo. Yako iko na kengele ya ganda la risasi kubwa, shaba tupu.

Mwai, waliyemwita Profesa ingawa shule aliiacha darasa la sita, akaweka kikombe chini.

— Huo ni ukweli. Ng'ombe ikisikia kengele inajiona chifu. Inainua kichwa. Jaji naye anaangalia kichwa tu.

— Ati kichwa tu? Kinuthia akauliza.

— Na chuma ya jeshi si kama hizi zetu. Kwani unafikiria askari wanasimama wima hivyo sababu ya ugali? Ni vyuma wanabeba. Ukifungia ng'ombe hiyo chuma, hata maziwa inaongezeka.

— Yangu ni dume, Profesa.

— Ndio nakwambia, iko na nguvu.

Wakiuru alicheka mpaka akamwaga kahawa. Ngatia hakucheka. Alikuwa amengoja nafasi hii wiki nzima.

— Ngojeni muone yangu. Nimepata kitu kwa lori ya vyuma kuukuu imetoka kaskazini. Kadogo, kama mkebe ya dawa, na juu iko na utepe mweupe. Utepe, Kinuthia. Yako iko na utepe?

Kinuthia akavuta kofia yake chini usoni. Ngatia akasikia raha ambayo hakuwa ameionja tangu sho.

Olow, mnunuzi wa ng'ombe aliyekuja kutoka Nanyuki kuangalia hilo dume la Kinuthia, akasogea karibu na Ngatia.

— Mzee, hiyo kitu, chini iko wazi kama kikombe?

— Hiyo hiyo. Umeipenda?

— Hiyo ni mtoto wa bomu. Bomu kubwa inafunguka hewani, inamwaga hizo ndogo nyingi kama mtu anapanda mbegu. Zingine zinakataa kulipuka, zinalala kwa majani. Vita inaisha, watu wanarudi shamba, hizo bado ziko. Binamu yangu Abdirahman alikuwa anachunga mbuzi, vita hata imesahaulika. Akaona utepe, akafikiria ni pambo.

— Akafanya nini? Wakiuru akauliza.

— Aliinua tu. Tulizika kile kidogo tulipata.

Olow akamgeukia Ngatia.

— Na saa hii iko wapi?

Ngatia akaelekeza kidole kwenye kibanda cha Wangui. Asubuhi alikuwa amempelekea Wangui, akamwambia aitoboe tundu la kupitisha kamba. Wangui akasema sawa baba, acha stima irudi nitoboe mara moja.

Redio ya kibanda ikaanza kuimba.

Ngatia aliinuka, akajikwaa kwenye benchi. Kinuthia alikuwa ameshavuka barabara, kofia imeanguka huko nyuma, akiita Wangui, Wangui, wacha hiyo kitu. Mwaka mzima Ngatia alikuwa amemwombea mtu huyo ashindwe. Sasa alimkimbilia nyuma, akikanyaga ile kofia, akimwomba Mungu Kinuthia afike wa kwanza.