Mama Walburga Akabidhi Kata ya Kusuuzia

Jumatatu, 30 Juni 2025, Mama Walburga Ndunguru anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha pombe ya ulezi cha kituo chetu cha ufundi, Maguu.

Alianza tarehe 7 Machi 1994 kama mwoteshaji wa kimea. Wakati ule machicha ya kimea kilichopikwa yalimwagiwa maji yote kwa mkupuo, yakakorogwa na kukamuliwa. Utamu mwingi ulibaki ndani, wakaufaidi nguruwe wa kituo. Mama alijaribu kuyaning'iniza kwenye gunia na kuyamwagia maji kwa juu. Gunia lilipasuka mara mbili, na mara ya pili uji ulimjaa viatuni.

Mwisho akashika njia tunayoitumia hadi leo. Chini ya pipa hutandikwa pumba za mpunga kutoka Chiwanda ili maji yapite. Juu yake hukaa machicha, kisha maji ya moto yasiyochemka humwagwa kata baada ya kata, polepole, huku maji matamu, yatakayochachuka kuwa pombe, yakitoka kwenye bomba la chini. Kusuuza huku ni kazi ya saa mbili, na hatukuwahi kumwona ameketi.

Jumanne, 14 Agosti 2018, siku tano kabla ya jubilei ya parokia, pumba ziliisha. Msaidizi wake, Hamphrey Komba, akatandika maganda ya kahawa, ambayo kwetu hayakosekani, bila kuuliza. Maji yalipita vizuri, lakini pombe ilitoka chungu ya kukunja uso. Mapipa mawili yalimwagwa shambani. Jumapili wageni walikunywa soda.

Mkuu wa kituo aliandika barua ya kumwachisha Hamphrey kazi. Kabla haijatoka, Mama Walburga aliingia ofisini na aproni yake. "Mkuu, huyu nilimfundisha mikono tu, sababu sikumwambia. Kama ni barua, andika jina langu."

Barua ilichanwa. Tangu siku hiyo hakumwonyesha mtu kazi bila kumweleza kwa nini: kwa nini pumba, kwa nini maji yasichemke, kwa nini tusiharakishe.

Ijumaa, 20 Juni, Hamphrey alisuuza peke yake kwa mara ya kwanza. Mama alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, maji yako sawa?"

"Unaniuliza mimi? Pipa ni lako hilo."

Hamphrey akapima maji mwenyewe, akaongeza kata moja ya baridi, akaendelea. Saa mbili baadaye Mama alionja matone ya mwisho. Aliiosha kata yake ya kusuuzia, akaitundika kwenye msumari wa Hamphrey badala ya wake.

Mama, asante kwa kazi, na kwa siku ile ofisini. Tunakuombea afya na mavuno mema huko kwako Litumbandyosi. Ukipita Maguu, ingia. Kiti kimeshawekwa kando ya pipa, na safari hii utaketi.