Subiri, Aliyesoma Programu Kabla Hazijawashwa

Marehemu, ambaye sote tulimwita Subiri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1985 akahitimu hesabu chuoni. Baba yake alimwuliza kazi yake itakuwa ipi.

"Kusoma programu za kompyuta, baba."

"Na kuziandika?"

"Wataandika wengine. Mimi nitawasahihishia."

Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika kampuni inayotengeneza programu za hospitali. Huko alitunga kikaguzi: programu inayosoma programu nyingine kabla haijawashwa, na kugoma pale sehemu inayotaka kitu cha aina moja inapopewa cha aina nyingine. Juni 2009, mashine ya kukadiria dozi za dripu ilikuwa tayari kupelekwa wodini. Majaribio yote yalifaulu. Kikaguzi kikagoma: panapotakiwa uzito wa mgonjwa, pamewekwa namba ya kitanda. Mgonjwa wa majaribio alipewa kilo sitini na kitanda namba sitini, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

"Dada, namba ni namba. Tumechelewa!" mkuu wa mradi alilalamika.

"Subiri. Mtoto wa kilo tisa akilazwa kitanda cha sabini, mama yake utamwambia namba ni namba?"

Mashine haikutoka siku ile. Jina likamganda.

Tarehe 14 Desemba 1991 alikuwa ameolewa na fundi redio. Jikoni kwao kila kopo lilikuwa na kifuniko cha ukubwa wake, ili cha chumvi kisiingie kwenye sukari. "Mke wangu," mumewe alimtania, "hata chai yako ina geti la ukaguzi."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 2 Mei 2023 alilazwa kwa mara ya mwisho, na kando yake ikawekwa mashine ileile ya dripu.

"Imeandika kilo ngapi, mwanangu?" alimwuliza muuguzi.

"Arobaini na moja, mama."

"Na kitanda?"

"Kumi na nne."

"Haya, washa."

Alifariki tarehe 5 Mei, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka yake mkubwa, na wagonjwa wengi wasiojua kwamba aliwahi kuwasubirisha. Apumzike kwa amani, na asiharakishwe na mtu.