Ndevu za Firmin

Katika teksi ya abiria ya kwenda Hillbrow, Johannesburg, mwaka 2015, mlinzi aitwaye Firmin alimweleza msusi aliyekaa kando yake, kiti cha mbele yangu, kwamba aliapa mbele ya wenzake wa zamu kunyoa ndevu, dereva anayemshabikia akikosa ubingwa wa mbio za magari za Marekani. "Amekosa, maman, lakini hakushindwa. Pointi zao ni sawasawa!"

"Mpinzani wake ameshinda mbio ngapi?" msusi akauliza.

"Tatu. Wangu mbili, ndipo wakampa yeye kombe. Lakini ndiye aliyeongoza msimu mzima!"

"Papa, hata jogoo huongoza mchana kutwa, jioni yumo chunguni."

Nyuma yao nilimkumbuka marehemu mume wangu; naye hakuwahi kushindwa. Kila mara hesabu ndizo zilizokosea.

Msusi akatoa mashine ya kunyolea mkobani. "Nikusaidie kutimiza kiapo?"

"Dereva, nishushe kwenye roboti!" Firmin akapaza sauti, akionyesha taa za barabarani. Tulikuwa bado Turffontein, mbali na Hillbrow.