Kikohozi Kilichobisha Hodi

Marehemu shangazi yetu alisikika kabla ya kuonekana. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua kumhusu, kabla hata sijaanza shule: alikohoa mara mbili, kwa ufupi na ukavu, kama mtu anayebisha hodi, ndipo kichwa chake kikatokeza ngazini. Katika karakana yake ya magodoro na makochi, kikohozi hicho kilikuwa sheria. Kikisikika tu, simu zilirudi mifukoni, mikasi ikaanza kukata, na fundi mmoja akaitikia kwa sauti, "Karibu!" Naye alicheka kuliko wote. Aliagiza mwenyewe kwamba wasifu huu usisomwe bila kueleza jinsi kikohozi hicho kilivyobadilika, ili mwingine aliyeketi hapa leo asichelewe kama alivyochelewa yeye.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, kitindamimba na binti pekee kati ya watoto watatu wa fundi wa reli na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Treni ilipopita kuta zilitetemeka, na mama yake aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani hadi behewa la mwisho lipite, mshono usije ukapinda.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya wasichana hadi 1983. Katika somo la ufundi wanafunzi waliagizwa kushona mto wa mwanasesere. Yeye alishona mto wa kiti cha mwalimu mkuu. Alipoulizwa, alijibu, "Mwalimu akikaa vibaya, tunaoumia ni sisi." Aliadhibiwa kufagia darasa, lakini mto ulibaki kitini hadi mwalimu mkuu alipostaafu.

Mwaka 1984 alianza kujifunza kazi ya magodoro, na mwaka 1997 akafungua karakana yake, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Alichambua pamba, alikata sponji, alivalisha makochi vitambaa. Alifanya kazi pini zikiwa zimepangwa midomoni, kama wafanyavyo wengi wa fani hiyo ili mikono yote miwili ibaki huru. Ukimsalimu, alikujibu kwa nyusi.

Mume wake, fundi redio, alikutana naye marehemu alipokuwa bado fundi wa kuajiriwa. Alinunua godoro, akalirudisha akidai ni fupi. Akapewa jingine, akalirudisha pia. Mara ya tatu marehemu alitema pini kiganjani, akamwambia, "Kaka, godoro ni futi sita, wewe ni futi tano na nusu. Unachokitafuta hakimo ndani ya godoro." Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Ugonjwa ulikuja umevaa nguo za kazi, ndiyo maana hakuna aliyeushtukia. Mwanzoni mwa 2022 kikohozi chake kiliacha kuwa cha mara mbili. Kilikuwa kirefu, kizito, na kilimwamsha usingizini. Mafundi walitania, "Bosi, umebadilisha honi?" Naye akajibu, "Gari kuukuu, wanangu." Bega la kulia likaanza kumuuma, tukasema ni mkasi. Sauti ikakwaruza hadi wateja wapya simuni wakamwita mzee. Alipungua mwili bila kujinyima chakula, na majirani wakamsifu, "Mwenzetu umerudi usichana!" Ngazi alizozipanda kwa robo karne zikaanza kumshinda. Alisimama katikati akijifanya anasoma ujumbe, na simu yenyewe imezimwa. Mara mbili alitibiwa nimonia, mara zote mbili pafu lilelile, na kila alipopata nafuu alirudi kazini kabla dawa hazijaisha. Na kila alipokohoa ngazini, tuliendelea kuitikia, "Karibu!"

Kisha pamba nyeupe aliyokuwa akiichambua ikaonekana na madoa mekundu. "Nimejichoma pini mdomoni," alisema, na fundi yeyote angemwamini, kwa kuwa nani kati yao hajawahi kujichoma? Madoa yalirudi siku ambazo hakuwa na pini mdomoni. Aliyageuza upande wa ndani, akashona.

Alipofikishwa kwa daktari wa kifua, Septemba 2023, aliulizwa kikohozi hicho kina muda gani. Alijibu, "Daktari, hiki si kikohozi. Hiki ni mimi." Daktari hakucheka. Saratani ya mapafu ilikuwa imekwisha kuvuka kifua na kufika kwenye mifupa. "Lakini sijawahi kuvuta hata sigara moja," alisema. Daktari alimweleza kwamba moshi wa sigara ndio chanzo kikubwa, ila ugonjwa huu huwapata hata wasiovuta. Kuhusu vumbi la karakana, hakuweza kusema ndiyo wala hapana. Alichosema kwa hakika ni kwamba kikohozi kinachozidi wiki tatu, au cha zamani kinachobadilika, hupelekwa hospitali, si cha kuzoewa.

Tangu siku hiyo marehemu alisikiliza vifua vya watu. Mei mwaka huu, akiwa kitandani, alimsikia msaidizi wake wa miaka mingi, ambaye karakana nzima humwita Dada Mkasi, akikohoa mlangoni.

"Hicho kina muda gani?"

"Vumbi tu, dada."

"Hata mimi nilikuwa na vumbi. Nenda ukapigwe picha."

"Nitakwenda ukipona."

"Basi hutakwenda," alisema marehemu, akageukia ukutani.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni 2024, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka zake wawili na mafundi tisa waliomwita mama, bosi au shangazi, kwa kadiri ya makosa waliyokuwa wamefanya siku hiyo. Alale pasipo maumivu, na pumzi iliyomnyima raha isimsumbue tena.

Kwa ruhusa ya Dada Mkasi, ninalisema na hili. Juzi Jumatano, kabla hatujamzika mwenzake, alikwenda kupigwa picha ya kifua. Walimpiga moja, wakamwomba asivae kwanza, wakampiga ya pili. Halafu wakampeleka chumba kingine chenye mashine kubwa zaidi, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Majibu yanatoka Jumanne saa tatu asubuhi. Karakana itafungwa, na mafundi wote tisa watakaa naye kwenye benchi la hospitali hadi jina lake liitwe.